Ufunguo Nilioupoteza Mwenyewe



Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, ili hasara yangu iwe faida yenu. Mimi ni karani wa parokia moja huku ukingoni mwa Ziwa, upande wa Mwanza. Kazi yangu ni vitabu na barua: ubatizo, ndoa, mazishi, zaka, na habari za Mapadri. Zamani barua zilikwenda kwa meli na baiskeli. Siku hizi nyingi huenda kwa barua pepe, ambazo huandikwa katika kompyuta au simu na kufika mara moja. Sanduku la barua hizo lina mlango, na ufunguo wake ni neno la siri.

Mimi ndimi niliyelifungua sanduku la parokia, mwaka 2018. Niliulizwa namba ya simu, ili siku ikitokea shida nipate kutambuliwa kwa namba hiyo. Nikaandika namba yangu mwenyewe. Wakati ule nalikuwa na laini mbili. Ilipokuja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, nilisajili moja tu, ya pili nikaipuuza. Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa, na hiyo ya pili ikafa. Sikukumbuka kabisa kwamba ndiyo iliyoshika mlango wa parokia.

Basi, mwaka jana, baada ya Pasaka, radi ilipiga karibu na ofisi, kompyuta yetu ikaungua. Tulipopata nyingine niliandika neno la siri bila kukosea hata herufi moja. Lakini kompyuta ile mpya haikujulikana. Nikaambiwa: tumepeleka tarakimu sita katika simu yako, ziandike hapa. Simu ipi? Ile iliyokufa!

Msidhani lilikuwa jambo dogo. Mle sandukuni mlikuwa na anwani za watu wote tunaoandikiana nao. Mlikuwa pia na barua ya parokia moja ya Ukerewe, iliyoshuhudia kwamba kijana wetu mmoja alibatizwa huko na hajafunga ndoa na mtu mwingine. Nalikuwa sijaichapa katika karatasi. Arusi yake ilibakiza siku kumi na tisa, na ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa wakwe. Mama yake alikuja ofisini, akaketi bençini bila kusema neno. Kimya kile kiliniuma kuliko matusi.

Usiku ule nikapata wazo. Nikaipiga namba yangu ya zamani. Lo! Ikaita. Kumbe namba iliyoachwa huuzwa tena kwa mtu mwingine, naye huwa nayo kwa haki. Akaitika mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza shida yangu yote, kisha nikasema, "Sasa hivi utaletewa tarakimu sita. Nakusihi unisomee."

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu, "Mwanangu, pole sana. Lakini redioni wametuonya tusimsomee mtu namba hizo, hata akisema yeye ni nani. Sikusomei."

Akakata simu.

Kwanza nilikasirika. Kisha nikaona haya. Mimi niliyesomea ualimu, niliyesimama mbele ya viongozi wa jumuiya na kuwaonya juu ya matapeli, nalikuwa nikimwomba mama wa watu afanye lile lile nililolikataza. Sauti yangu ilikuwa na tofauti gani na ya mwizi? Hata mwizi husema kwamba ana shida na haraka. Nilipomsimulia Baba Paroko, alisema, "Mama yule amefaulu mtihani. Wewe umeshindwa." Nami sikuwa na la kujibu.

Sanduku lile halikufunguka tena. Ilinibidi nikusanye vitu kimoja kimoja. Namba nyingine nilizikuta katika simu yangu, nyingine katika daftari la katekista wetu mzee. Jumapili tulitangaza kanisani kwamba kila aliyetuandikia atuandikie tena kwa anwani mpya, na kwamba akiombwa fedha kwa anwani ile ya zamani asitoe hata senti.

Namba ya paroko wa kule Ukerewe ilikuwa imefungiwa mle mle. Basi mimi na bwana arusi tukapanda meli ya Nansio, na kutoka huko tukaenda hadi parokiani. Padre akafungua kitabu cha ubatizo, akapitisha kidole, na jina likaonekana, kwa wino uliokwisha kufifia. Barua ikaandikwa muda ule ule. Arusi ilifanyika siku yake.

Lakini si yote yaliyorudi. Mmisionari mmoja mzee, aliyetubatiza wengi wetu kisha akarudi kwao Ulaya, aliniandikia barua pepe miaka mitatu, akinieleza habari za familia za kwanza za parokia yetu. Amekwisha kufariki. Barua zake zimo mle ndani, wala hakuna wa kuziandika tena.

Wakati wa kurudi, melini, niliwaza habari za nakala. Mapadri Weupe walipoanza misheni ya Bukumbi mwaka 1883 walikuwa na wino na karatasi tu. Lakini Kanisa lilijua kwamba nyumba huungua na mchwa hula. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimwagiza kila paroko apeleke kwa Askofu nakala ya vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu kila mwisho wa mwaka. Wazee wale hawakuweka amana yao mahali pamoja. Mimi, mwenye kompyuta, niliweka yote mahali pamoja na ufunguo mmoja.

Basi, ndugu msomaji, shika haya machache.

Kwanza, sanduku la kazi lisifungwe kwa namba ya mtu mmoja. Weka namba ya ofisi, na ya pili ya mtu mwaminifu.

Pili, kabla ya kuacha laini, kumbuka kila mahali ulipoiandika, kama benki na barua pepe, ukabadilishe. Ukibonyeza *106# utaziona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tatu, majina na namba za watu wako ziandike pia daftarini. Barua unayoithamini ichape ungali unaweza.

Nne, ukifungiwa nje, jaribu kwanza kwa simu au kompyuta uliyoizoea, ukiwa mahali ulipozoea, maana hapo ni rahisi zaidi kutambuliwa. Kompyuta yangu ilikuwa imeungua, ndiyo sababu nilikwama.

Tano, tarakimu zinazoletwa katika simu yako usimsomee mtu, hata akisema ni karani wa parokia. Na ujumbe wa matapeli wa kuomba fedha upeleke namba 15040.

Mama yule simjui jina wala kwake. Kila nikifungua sanduku jipya namkumbuka katika sala, kwa kuwa alinikatalia.

Ndimi ndugu yenu katika Kristu,
Karani wa Parokia, Mwanza