Hiyo Sauti Ilikuwa ya Marni

Wasee, nichekeni tu: mimi Ijumaa usiku huwa natazama filamu za muziki za zamani. West Side Story ya 1961. My Fair Lady ya 1964. Watu wanaongea vizuri, ghafla wanaimba na mtaa mzima unacheza. Haileti maana, na huo ndio utamu wake.

Lakini kuna mtu nataka mjue. Anaitwa Marni Nixon. Natalie Wood akiimba ndani ya West Side Story, hiyo sauti ni ya Marni. Audrey Hepburn kwenye My Fair Lady? Karibu nyimbo zote ni Marni. Deborah Kerr, The King and I, 1956? Marni tena. Mastaa watatu, koo moja. Na kwenye orodha ya majina, lake halikuwekwa.

Manze, hiyo iliniuma. Tangu niache chuo, kodi yangu inalipwa na sauti. Nasomea watu matangazo, naandika skripti, sifa wanachukua wao. Kuna mteja aliniambia nishukuru kwa kupewa "nafasi".

Mwaka 1965 Marni alionekana kwenye The Sound of Music, akiigiza mtawa Sophia. Sehemu ndogo sana, lakini sura yake na sauti yake zilikuwa pamoja.

Audrey bado nampenda, simwachi. Ila siku hizi nikisikia wimbo nauliza: anayeimba ni nani?

Na wewe, kama kuna mtu anakueditia video, andika jina lake hapo chini. Haikugharimu hata bob.