Gari Livutalo Kushoto



Wiki hii twawaomba radhi wasomaji wetu, tuyaweke kando mas-ala tuliyoyazoea, tuzungumze juu ya gari. Si kwamba tumekuwa mafundi, la. Tuna kosa la kukiri, na tuliyemkosea ni mama watoto wetu, ambaye hulisoma jarida hili kila wiki kabla yetu.

Gari letu ni la viti saba, tulilinunua likiwa limeshatumika. Kila tukiwapakia watoto, lilikwaruza tumbo kwenye matuta ya mtaani. Kijana mmoja wa gereji akatushauri tuliinue. Akatia spesa kwenye springi, mbele na nyuma, gari likasimama kama ngamia. Tukalipa, tukashukuru, wala hatukuuliza ni kitu gani kingine kilichobadilika.

Baada ya miezi michache, mama watoto alikuwa akiliosha gari, akapitisha mkono kwenye tairi la mbele, upande wa kushoto. Akatuita. "Baba, tairi hili nje ni zima, ndani limekuwa kipara. Na ukiendesha, naona mkono wako wa kulia hautulii." Tukamjibu, "Mambo ya gari tuachie sisi." Tukaongeza upepo, tukaona tumemaliza.

Kisha tukaalikwa arusi Malindi. Tulipopita Mtwapa na kuingia kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, lori lilikuja mbele yetu limekaa katikati ya njia. Tuliposogea pembeni, gari lilivuta kushoto kuliko tulivyotaka, magurudumu yakashuka kwenye mchanga. Tulipolirudisha, likayumba huku na huku kama mashua isiyo na shehena. Lori likapita. Mjukuu wetu alikuwa amelala kiti cha nyuma, hakuamka. Mama watoto hakusema neno mpaka Kilifi, na kimya kile kilitulemea kuliko lawama.

Siku ya pili baada ya kurudi Mombasa tulikwenda kwa fundi mzee. Tulimwambia atufanyie alaimenti. Akakataa. "Maalim, siwezi kunyoosha kitu kilicholegea. Nikikupimia leo, kesho kitahama." Aliubonyeza upembe wa gari kwa nguvu, akauachia. Ukapanda, ukashuka, ukapanda tena. Akatwambia kwamba springi ndiyo ibebayo uzito, na shoku kazi yake ni kuituliza springi isicheze. Shoku zetu za mbele zilikuwa zimevuja mafuta, na bushi ya mkono wa chini, upande wa kushoto, imechanika. Gurudumu lilikuwa likihama kila tukishika breki.

Ama zile spesa, alisema, zimeupandisha uzito wa gari juu, nalo likawa jepesi kulala penye kona. Tena ukibadilisha kimo cha gari, pembe za magurudumu nazo hubadilika, na sisi hatukuwa tumezipima upya. Alitufananishia na nyayo za mtu: za mbele zikitazamana sana au zikipeana mgongo, tairi huburuzwa badala ya kubingirika. Mpindo ni mdogo, jicho halitauona, lakini mpira utaulipa kila kilomita.

Tulinunua shoku mbili, kwa kuwa za mbele hubadilishwa jozi, na bushi za pande zote mbili, na tairi mbili mpya. Spesa zikatolewa. Hapo ndipo gari likapandishwa kwenye mashine ya alaimenti. Fedha zilizotoka ni zile tulizoziweka kupaka nyumba rangi kabla ya Ramadhani. Kuta zitangoja. Gari sasa huenda sawa hata mkono ukiwa mwepesi kwenye usukani, na penye matuta twapita polepole, kama tulivyopasa kufanya tangu mwanzo.

Enyi kina mama, hamhitaji kuwa mafundi. Gari likivuta upande mmoja ilhali upepo wa tairi ni sawa, tairi likilika upande mmoja, usukani ukikaa kombo njia ikiwa imenyooka, au gari likirukaruka baada ya tuta, semeni. Na mkinyamazishwa, semeni tena. Enyi kina baba, kwanza kitengenezwe kilicholika, kisha alaimenti. Na kila springi, shoku au mkono wa gurudumu ukiguswa, alaimenti ipimwe tena.

Wanaopanda nyuma yetu ni amana. Hawakuuchagua usukani, wala hawawezi kuushika. Aliyeiona hatari mapema nyumbani kwetu alikuwa na sabuni na kitambaa mkononi, nasi tulikuwa na kiburi. Tumemwomba msamaha mbele ya watoto. Alisema, "Nimesamehe, Baba. Lakini Ijumaa nitalitazama tairi tena." Nasi tumemshikia ndoo.

Wabillahi tawfiq.