Bikari, Rula na Penseli

Ndugu msomaji, usistaajabu kumwona mwalimu wa madrasa aliyevuka miaka 60 akikuandikia habari za penseli, mahali ulipozoea kusoma habari za twahara na mirathi. Jambo hili haliko mbali na dini yako wala na nyumba yako. Inua macho uutazame mlango wa jirani, au kofia ya viua iliyotundikwa ukutani, au mkeka ulioukalia. Utaona nyota, maua na minyororo iliyopangwa kwa hesabu. Vitu hivi sote tumevirithi. Lakini ni wangapi kati yetu wanaoweza kukaa kitako wakavichora upya kutoka karatasi tupu?

Kwanza tuondoe shaka moja, maana najua yuko mzazi atakayeuliza: je, kuchora si haramu? Makatazo yaliyokuja yanahusu sura za viumbe vyenye roho. Ibn Abbas (r.a.) alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kutengeneza picha. Alimwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hayo yamo katika Bukhari. Na humo humo mna hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), kwamba Mtume (S.A.W.) alipiga mistari ya mraba, akapiga na mstari wa katikati uliotokeza nje ya mraba, kisha vijistari vidogo kando yake. Akaeleza kuwa wa katikati ni mwanadamu, mraba ni mauti yaliyomzunguka, kilichotokeza nje ni matumaini yake, na vijistari ni misukosuko ya dunia. Basi Mwalimu wa walimu alifundisha kwa mistari. Wewe utamnyang'anya mwanao penseli kwa hoja gani?

Penseli yenyewe wazee wetu wakiiita kalamu ya risasi. Jina hilo limepotea njia, kwani ndani hamna risasi hata chembe. Mna grafiti, nduguye makaa, ambayo hupatikana ardhini hata kwetu Tanzania, huko Mahenge na Mererani. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alisajili njia ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na mstari wake mwembamba; ukipungua, huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi unazoziona ubavuni: H ni ngumu, B ni nyeusi. Wewe nunua mbili tu, ya 2H na ya HB. Ya kwanza ni ya mistari ya siri, ya pili ni ya mistari ya dhahiri.

Sasa keti nami. Chonga ile ngumu mpaka iwe kama sindano. Piga mstari mmoja wa kulala, weka nukta katikati yake, simamisha bikari hapo uzungushe duara. Duara limekata mstari mahali pawili. Kutoka kila mahali hapo, ukiwa umeipanua bikari zaidi, piga tao juu na tao chini. Yanapokutana ndipo unapopitisha mstari wa kusimama. Fanya vivyo hivyo kupata mistari miwili ya mshazari, na duara lako litakuwa na nukta 8 zilizo sawasawa. Zipe namba. Ukiunga 1, 3, 5, 7 kisha 2, 4, 6, 8, umepata miraba miwili iliyopandana, ndiyo ile nyota ya pembe nane uijuayo. Lakini jaribu na hili: anza 1, nenda 4, kisha 7, 2, 5, 8, 3, 6. Mkono utarudi penye 1 bila kunyanyuliwa, nukta zote zimeguswa, na nyota imekuwa kali kuliko ile ya kwanza. Nimewaonyesha watoto jambo hili kwa miaka mingi, na hakuna darasa lililokaa kimya.

(Wako wanaouza vitabu vya siri za nyota hii, pembe hii ina baraka hii na ile ina kinga ile. Weka pesa zako mfukoni. Nyota ni mistari.)

Ukisha, chukua HB ukolezee ile mistari unayotaka ionekane. Hapo kila mtu hushika raba afute iliyobaki, ili kazi ipendeze. Mimi huwaambia wanafunzi wangu wachore mara mbili: moja ifutwe itundikwe, moja ibaki na mistari yake yote. Sababu ni kwamba nyota haitokani na mistari inayoonekana. Inatokana na ile iliyofutwa. Mafundi wa zamani walilijua hili vizuri. Katika maktaba ya jumba la Topkapı mjini Istanbul kuna msokoto mmoja wa karatasi, urefu wake karibu mita 30, wenye vielelezo 114 vya mapambo kama haya. Ni kazi ya mafundi wa Uajemi, miaka 500 hivi iliyopita. Mistari ya dhahiri imepigwa kwa wino, lakini chini yake mna mistari mingine iliyokwaruzwa kwa ncha kavu, isiyo na rangi yoyote. Huioni mpaka uinamishe karatasi penye mwanga. Fundi alimwachia fundi mwenzake njia ya kufikia pambo, si pambo peke yake.

Nikuambie kwa nini nalishikilia jambo hili. Mtaani kwetu kuna nyumba ya warithi yenye mlango wa zamani, miimo yake imechongwa maua ya petali sita ndani ya maduara, ua juu ya ua. Mchwa waliila sehemu ya chini ya mwimo mmoja, kiasi cha dhiraa moja. Alikuwako mnunuzi kutoka mbali akiutaka mlango wote, na baadhi ya warithi walikwisha kukubali. Walisema mlango mbovu haufai kurithiwa. Akaitwa kijana seremala. Akapiga picha kwa simu, akaichapisha dukani kwa ukubwa wa mwimo, akaibandika juu ya ubao akachonga. Patasi yake ni safi, sina la kumlaumu. Lakini picha ilipigwa kwa pembeni, maduara yakawa kama mayai, na mahali pa kiungo ua la zamani na ua jipya hayakukutana.

Tulikwenda pamoja, mimi na yeye. Tukaweka karatasi nyembamba juu ya sehemu nzima, tukaisugua taratibu kwa ubavu wa penseli laini, na maua yakatokea karatasini kama yanayopanda kutoka majini. Katikati ya kila ua palitokea kitone kidogo cheupe. Kijana akauliza ni kasoro gani ya mbao. Haikuwa kasoro. Ni tundu la mguu wa bikari ya yule fundi wa kwanza, ambaye jina lake hakuna alijuaye. Tukasimamisha bikari yetu pale pale, tukaipanua mpaka ukingo wa duara, tukatembeza upana huo huo juu ya duara: mara sita, ukarudi ulipoanzia, bila kuzidi wala kupungua. Ua zima limetoka katika upana mmoja wa bikari. Baada ya hapo kijana hakuhitaji picha. Alichora dhiraa iliyobaki kwa mkono, na kiungo leo huwezi kukiona ila uonyeshwe. Mlango ungali pale.

Ukiwa na mtoto mwenye maswali, mtie katika kazi hii. Mmoja wangu aligawa duara mara 3, 4, 5, 6 na 8, kisha akaniuliza mbona sikuwafundisha 7. Nikamwambia kuwa kwa bikari na rula peke yake 7 kamili haipatikani, na uthibitisho wake ulitolewa na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837. Lakini Abul-Wafa al-Buzjani, aliyekuwa Baghdad katika karne ya 10, aliandika kitabu cha handasa kwa ajili ya mafundi, na humo mna njia ya kuikaribia: chora pembetatu yenye pande sawa ndani ya duara, chukua nusu ya upande wake, utembeze nusu hiyo mara saba. Abul-Wafa alikuwa akikaa na mafundi na wanachuoni wa handasa, na akibainisha lipi ni sahihi kwa dalili na lipi linalodanganya jicho tu.

Mtoto alikwenda nayo nyumbani. Kesho yake akaleta karatasi yenye duara la nusu kipenyo cha sentimita 5 na pembe saba, na penye hatua ya mwisho alikuwa ameweka kishale kidogo. Pale palikuwa na mwanya, haukufika milimita moja, kama unene wa mstari wa penseli butu. Aliuona. Karatasi hiyo ninayo, na sikumruhusu kuifuta.