Ushahidi wa Jani

Jani ni shahidi wa mmea, lakini shahidi mkweli aweza kusema nusu ya habari. Huko Rubwera, katika wilaya ya Kyerwa iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012, mjane mmoja alijifunza neno hili kwa gharama. Maharage yake, aliyoyapanda chini ya migomba mvua za vuli zilipoanza, yaligeuka manjano yangali machanga. Maharage hayo ndiyo yaliyokuwa chakula cha watoto wake mpaka msimu wa pili. Kwa hofu alinunua dawa ya wadudu, akayanyunyizia majani, akangoja. Fedha ilikwisha, na umanjano ukazidi.

Jirani yake, mwanamke mtu mzima, alikuja akatazama wala hakufanya haraka ya kuhukumu. "Mwanangu," alisema, "ng'oa mche mmoja tuutazame mguuni." Shina lilikuwa limevimba na kupasuka karibu na udongo, na ndani yake mlikuwa na funza. Inzi wa maharage hutaga mayai katika majani machanga. Funza wake hushuka mpaka shinani, akaziharibu njia za maji na chakula. Jani lilikuwa likilia kwa maumivu ya shina, na dawa ilitiwa usoni hali jeraha lilikuwa mguuni. Wanawake wale waliing'oa miche iliyokufa, wakaipandishia udongo iliyosalia ili ioteshe mizizi mipya juu ya jeraha. Baadhi yake ilipona.

Kila dalili ina asili yake. Tundu ni alama ya kinywa cha mdudu. Madoa yenye pembe, yaliyozuiliwa na mishipa ya jani, ni kazi ya kuvu, na dawa ya wadudu haimdhuru kuvu. Jani lililojikunja na kunata yafaa ligeuzwe, kwani vidukari hukaa upande wa chini. Kagera ilifunzwa somo hili kwa ukali zaidi mnyauko wa bakteria wa migomba ulipopatikana mkoani mwaka 2006. Majani yalinyauka kana kwamba yana kiu. Kumbe ugonjwa ulikuwa ndani, na kisu kilichokata mgomba mgonjwa kiliupeleka kwa mzima kisipopitishwa motoni.

Mjane yule sasa huanza kwa kuinama. Hushika jani, akaligeuza, akafuata kikonyo mpaka shinani na shina mpaka mizizini, ndipo afungue kibindo chake.