Itaendelea Kesho, Shangazi

Mtanzania wa ughaibuni akirudi likizo huja na malalamiko matatu tayari mfukoni: foleni, umeme, na kwamba watu wa nyumbani hawasomi vitabu. Mawili ya kwanza hupata wa kumuunga mkono kabla hajamaliza kusema. La tatu ndilo lililozua ubishi Desemba iliyopita katika nyumba moja ya Kawe, Dar es Salaam, si mbali na viwanja vya Tanganyika Packers, baada ya mgeni kutoka Leicester kufungua sanduku sebuleni.

Mgeni huyo ni muuguzi, mzaliwa wa hapo hapo Kawe. Kwa kuwa nyumba nzima inamwita Shangazi, makala haya nayo yatamwita hivyo. Alikuwa amepunguza mzigo wa zawadi ili apate nafasi ya riwaya za Abdulrazak Gurnah: Paradise, By the Sea na Afterlives. Losheni ziliachwa Leicester, na walioziagiza hawajamsamehe hadi leo. Afterlives alimkabidhi mtoto wa kaka yake, kijana wa chuo. Kijana akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofunzwa, akasoma maneno ya jalada la nyuma, kisha akauliza kwa adabu zote: "Asante sana Shangazi. Hivi PDF yake huna?"

Shangazi alinuna mpaka chai ya jioni. Chai ilipofika akatoa ule msemo ambao kila Mwafrika msomi huutumia dhidi ya Waafrika wengine, kwamba ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kiandike kitabuni. Kaka yake, mtu wa maneno machache, akakichukua kile kitabu mezani, akachomoa tiketi ya treni iliyokuwa imewekwa kama alama kwenye kurasa za sitini na kitu, akairudisha palepale. Hakusema neno.

Kijana huyo anasoma, tena sana. Asubuhi kwenye daladala la kutoka Kawe, akiwa amening'inia kwa mkono mmoja, mkono wa pili unashika simu yenye riwaya ya kijasusi ya Kiswahili inayouzwa kwa vipande ndani ya kundi la WhatsApp. Utaratibu wake unajulikana. Mwandishi anatoa sehemu za mwanzo bure, anamfikisha shujaa mahali ambapo bastola imemgusa kisogo, hapo anakata na kuweka namba ya simu. Anayetaka kujua kilichofuata atume buku. Kundini kuna wanachuo, dada wa saluni, walinzi wa zamu ya usiku na makondakta. Hawa si wasomaji wa kimya. Wanamtukana adui, wanabishana kuhusu aina ya bunduki, wanamwonya mwandishi asithubutu kumuua yule binti. Na mwandishi, akijua nani anamlipia umeme, mara nyingine husikia.

Hili si jambo jipya Kawe. Baba yao Shangazi, aliyefanya kazi Packers enzi kiwanda kikisindika nyama ya kopo, aliwasimulia jinsi Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilivyosomwa pale. Ilitoka mwaka 1974. Mpelelezi wake, Willy Gamba, anatumwa kufuatilia nyaraka za Kamati ya Ukombozi wa Afrika zilizoibwa Dar es Salaam, na katikati kuna damu, mahoteli na wanawake warembo kuliko ilivyo lazima. Kiwandani kulikuwa na nakala moja. Wakaichana vipande vinne ili wanne wasome kwa mpigo, kisha wabadilishane. Aliyeangukiwa na kipande cha mwisho kwanza alikuwa na cheo siku hiyo, kwa sababu alijua nani kafa, na ilibidi anunuliwe chai ili asiseme.

Baada ya Musiba akaja Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Likaja jarida la Sani na kina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodilofa, lililosomwa chini ya dawati huku kitabu cha Jiografia kikisimama juu kama ukuta. Yakaja magazeti ya Global Publishers na hadithi za Eric Shigongo, na muuza magazeti wa kituoni akawa anajua ni mteja gani anakuja kwa ajili ya habari na ni yupi ameifuata hadithi tu. Zote ziliishia kwa neno lile lile: itaendelea. Leo Hussein Tuwa, mwandishi wa Mkimbizi, ana wasomaji wanaomfuata kama watu wanavyofuata timu, na wengi wao hawajawahi kuingia duka la vitabu.

Shule ndiyo iliyotufundisha kwamba kusoma huko si kusoma. Mtihani ulimtambua Shaaban Robert, na ilikuwa haki yake. Ulimtambua Kezilahabi pia, ingawa Rosa Mistika yake ya 1971 kwa muda ilikatazwa mashuleni, jambo lililoifanya isomwe na kila mwanafunzi mwenye rafiki mwenye nakala. Willy Gamba hakuwahi kutambuliwa. Ukikutwa naye darasani alichukuliwa kwenda ofisini, ukarudi mkono mtupu na viboko vyako, na wiki nzima mwalimu alionekana akisoma kwa makini sana wakati wa mapumziko.

Kuhusu vitabu vya kando ya barabara, vile vinavyotandazwa juu ya turubai Mwenge na Posta, makala haya hayatachelewa. Ni Rich Dad Poor Dad na The 48 Laws of Power, nakala za kurudufu zenye wino wa kufifia, na vijana waliozikariri zote mbili wangali wanakopa vocha.

Sasa huko Leicester. Shangazi ana kadi ya maktaba ya bure, na hiyo ni neema ambayo mtu hatakiwi kuibeza. Maktaba ya mtaani kwake ina rafu ya lugha za dunia: Kigujarati, Kipunjabi, Kiurdu, Kipoland. Kiswahili hakuna, ingawa mji umejaa wazee wa Kihindi waliozaliwa Kampala, Mwanza na Tanga, ambao ukiwasalimia "shikamoo" wanaitikia "marahaba" kabla hawajageuka kukutazama. Mmoja wao, mzee mwenye koti zito, alimkuta Shangazi kwenye foleni ya kurudishia vitabu, akamwonyesha alichoshika: Uhuru Street, hadithi fupi za M. G. Vassanji, Mhindi aliyekulia Dar na kwenda kuishi Kanada. Mzee alitaka kujua kama maduka ya mtaa huo bado yapo. Wakasimama pale wakiupitia Mtaa wa Uhuru kwa Kiswahili, duka moja baada ya jingine, mpaka mhudumu akaomba wasogee kando. Shangazi anasema hiyo ndiyo siku aliyofaidi maktaba ya Uingereza kuliko zote.

Wenyeji nao wana vikundi vya kusoma. Kitabu kimoja kwa mwezi, mvinyo, dakika kumi za kitabu na saa mbili za bei za nyumba. Wanapenda sana riwaya za upelelezi zilizotafsiriwa kutoka Sweden na Norway, ambamo askari mwenye huzuni anatembea kwenye theluji akifikiria talaka yake. Shangazi alipowaambia kwamba Unguja kulikuwa na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyochapishwa 1960, zaidi ya miaka 30 kabla ya yule Wallander wa Henning Mankell kutokea, walisema "oh, lovely" na kuuliza kinapatikana wapi kwa Kiingereza. Halafu mmoja, kwa upole, akauliza kama Afrika watu wana utamaduni wa kusoma. Huyo ni raia wa nchi ambayo halmashauri zake zimefunga maktaba kwa mamia tangu 2010.

Swali hilo ndilo linalomfanya Shangazi akiwa Leicester atetee Kawe kwa ukali, na akiwa Kawe aishambulie kwa maneno yale yale aliyoulizwa na wale wa mvinyo. Ugonjwa huu ni wa kawaida miongoni mwa walioondoka. Kila upande anaukemea kwa niaba ya upande wa pili.

Na hapa ni lazima makala yatoke njiani kidogo, kwa sababu kuna jambo linalowakera wengi wa aina yake. Tarehe 7 Oktoba 2021, Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, simu ya Shangazi iliwaka kutwa. Wodini walimpongeza kama vile amejifungua. Nyumbani pongezi zilimiminika kwa lugha ya "mwenzetu", na kesho yake ukaanza ubishi: ni wetu au si wetu? Mtu aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka kijana miaka michache baada ya Mapinduzi, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, na katika kitabu baada ya kitabu hakuacha kurudi pwani ile ile, alijadiliwa na watu ambao wengi wao hawakuwa wamesoma ukurasa wake hata mmoja. Si kosa lao lote. Vitabu vyake havikuwa rahisi kuvikuta madukani Dar, na vilivyokuwepo bei yake haikumlenga mtu wa Kawe.

Lakini ubishi wenyewe unauma mahali pengine. Sheria ya Tanzania humnyang'anya uraia mtu mzima anayechukua wa nchi nyingine, kwa hiyo Shangazi, mwenye pasi ya Uingereza aliyoitafuta kwa ajili ya kazi na watoto, hulipa dola 50 za viza ili akalale kwenye chumba alichozaliwa. Uraia pacha umedaiwa hadi sauti zimekauka. Sasa kuna hadhi maalumu kwa wanadiaspora, na Shangazi anaisoma habari yake kama anavyosoma zile hadithi za simu, akingoja sehemu inayofuata. Kiongozi anaposimama jukwaani na kumwita mshindi wa Nobel "fahari yetu", yeye huuliza, kwa sauti ambayo mumewe ameizoea, huyo fahari akitua uwanja wa ndege anapanga mstari upi?

Vitabu navyo vina foleni yao, na ile ya magari ya Mwenge ina unafuu. Paradise ilitoka 1994 na kuingia orodha fupi ya tuzo ya Booker; ilifika kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis wa SOAS, London, na uchapishaji wa Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Miaka 28. Kwenda upande wa pili hali ni mbaya zaidi: Rosa Mistika ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2025, tafsiri ya Jay Boss Rubin, miaka 54 baada ya kuchapishwa, na miaka mitano baada ya Kezilahabi kufariki. Katika muda huo Waingereza wamesafirishiwa askari wote wenye huzuni wa Skandinavia.

Peponi ndiyo iliyobadili mambo nyumbani Kawe. Shangazi aliinunua mjini, akaanza kumsomea mama yake, ambaye Kiingereza anakielewa vizuri isipokuwa anapoombwa kukizungumza. Mwanzoni tu, pale Yusuf, mtoto wa miaka 12, anapoondoka na tajiri Aziz bila kujua kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni, Bibi alimsimamisha msomaji. Alitaka kujua mama wa mtoto alikuwa wapi. Alipojibiwa kuwa alikuwepo, akamhukumu naye, kisha akatoa mfano wa familia moja ya Mzimuni, wa kweli kabisa, usioweza kuandikwa hapa. Shangazi alikuwa ameisoma riwaya hiyo kwa Kiingereza kwa heshima, kimya, kalamu mkononi. Kwa Kiswahili ilisomeka kwa ugomvi. Msafara wa biashara ulipoanza kuelekea bara, chumba kilikuwa na watu watano, na mmoja alikuja kwa ajili ya kuazima sufuria.

Kijana naye alikaa, simu mkononi. Baada ya kurasa nyingi za wafanyabiashara wakipigana vijembe akauliza kwa unyenyekevu, "Shangazi, bunduki inatoka lini?" Bibi akamwambia anyamaze, maneno ya hawa watu yanatosha kuua.

Shangazi na kijana wakabadilishana. Kijana aliahidi kumaliza Afterlives, na inasemekana sasa yuko ukurasa wa mia na kitu, amempita mwenye kitabu. Shangazi naye akajiunga na lile kundi la WhatsApp, kwa dharau, ili aone tu. Akiwa Leicester, usiku baada ya zamu, alifika mahali bastola ilipogusa kisogo. Namba ya malipo ikatokea. Laini yake ya Tanzania ilizimwa zamani, wakati wa usajili wa alama za vidole, yeye akiwa wodini ng'ambo na vidole vyake vyote kumi, kwa hiyo pesa ya simu hana pa kuitolea. Ikabidi amwombe mtoto wa kaka yake amlipie.

Kijana alikubali mara moja, pamoja na ya kutolea. Akalipa, akasoma kwanza mwenyewe mpaka mwisho, na kabla hajaituma sehemu hiyo akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde tisa, kumjulisha Shangazi nani kafa.