Kelele za Nyumbani na Sikio la Mzee

Kama mmejiuliza kwa nini nimekuwa kimya, jibu ni kelele. Tangu nihamishe kazi yangu ya kuandika programu kutoka Nairobi hadi nyumbani kwa wazazi hapa Chwele, nimepigana na kelele kuliko nilivyowahi kupigana na programu yoyote. Leo nawaeleza yaliyofaa, yasiyofaa, na mahali nilipokosea vibaya.

Kwa asiyeijua Chwele, ni mji wa soko katika kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon. Siku ya soko malori na bodaboda hupita tangu alfajiri. Alasiri mvua ikishuka juu ya mabati, humsikii hata mtu aliyeketi kando yako. Na Agosti ya miaka ya shufwa, kama 2022 na 2024, ni msimu wa tohara kwetu Wabukusu. Vijana hupita na nyimbo na chinyimba, zile kengele za chuma, mchana na usiku. Hayo yote sina ugomvi nayo. Ndiko kwetu.

Kelele iliyonishinda ilikuwa ya ndani. Redio ya baba hukamata Sulwe FM asubuhi hadi jioni, sauti mpaka mwisho. Halafu binti yangu wa miaka sita huzungumza na babu yake kana kwamba mzee yuko ng'ambo ya mto.

Kila asubuhi saa tatu nina mkutano wa mtandaoni na wenzangu wa Nairobi. Siku moja mmoja wao akaniuliza kama niko stendi ya matatu. Wote wakacheka. Mimi sikucheka, maana mkataba wangu ulikuwa karibu kwisha na nilitaka waufanye upya.

Nikaanza kazi. Kwanza nilibandika trei za mayai ukutani, kama nilivyoona watu wengi wakifanya. Ni bure kabisa. Trei hupunguza mwangwi kidogo ndani ya chumba, lakini hazizuii sauti kupita. Kinachozuia sauti ni uzito, na kuziba nafasi. Sauti ni kama maji: palipo na ufa itapita.

Nikaziba chini ya mlango kwa blanketi kuukuu. Tofauti ikawa ndogo mno. Ndipo nikainua macho. Nyumba yetu haina dari, na kuta za vyumba zinaishia chini ya paa. Redio ilikuwa inapita juu ya ukuta, inagonga mabati, inanirudia mezani. Nimeandika programu miaka 11 na sikuwa nimetazama juu! Fundi alinipigia dari ya mbao juu ya chumba changu, tukatandaza magunia matupu juu yake. Hapo nikapata nafuu, hata kwa mvua.

Kwa upande wa wenzangu wa Nairobi, dawa ilikuwa programu. Ninatumia Linux, na kuna programu huria inayoitwa EasyEffects ambayo ndani yake ina RNNoise, kazi ya Jean-Marc Valin iliyotolewa mwaka 2017. Huigawa sauti ya maikrofoni katika bendi 22, kisha mtandao wa neva uliofunzwa kutofautisha usemi na kelele hupunguza zile bendi zenye kelele. Inafuta jenereta na bodaboda vizuri sana. Lakini redio inayozungumza haifuti, kwa sababu nayo ni sauti ya mtu. Hedifoni za kuzima kelele zina udhaifu unaofanana na huo: ngurumo ya mfululizo huiweza, maneno ya watu huyaacha yapenye.

Basi ikabaki redio na mtoto. Nilipakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha inatosha. Mezani kwangu, mlango umefungwa, redio ilisoma desibeli 68. Nilisoma hata kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, ambazo nje ya nyumba za makazi huruhusu desibeli 50 mchana na 35 usiku. Utadhani nilitaka kumshtaki baba yangu.

Nikatoa amri. Redio isifunguliwe kuanzia saa tatu hadi saa sita, na mtoto akacheze nje. Mzee hakubishana. Alibeba kiti chake akaenda kuketi chini ya mparachichi, na redio akaiacha ndani. Wiki nzima nyumba ilikuwa kimya. Nilifanya kazi nyingi sana, na nilikuwa najisifu.

Jumamosi nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya mzee anapaza sauti, nikamkemea. Akanijibu, "Mimi sipigi kelele. Naongea na Kuka. Ukiwa nyuma yake hakusikii, lazima aone mdomo."

Nilimwambia haiwezekani. Kisha nikasimama nyuma ya baba yangu, hatua tatu, nikaita, "Baba." Nikaita tena. Mara ya tatu niliita kwa nguvu, ndipo akageuka. "Ulikuwa unasema nini, mwanangu?"

Baba alikuwa na kinu cha kusagia mahindi hapo sokoni kwa zaidi ya miaka 20. Ndicho kilichonisomesha. Kanuni za kelele kazini za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asizidishe wastani wa desibeli 90 kwa saa 8. Baba alikaa na kinu kutoka asubuhi hadi giza, bila kitu chochote masikioni, na hakuna aliyewahi kumwambia. Kelele ya namna hiyo huua seli ndogo zenye nywele ndani ya sikio, na zikifa hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Ndiyo maana mtu husikia kwamba unaongea lakini hashiki maneno, maana herufi kama s, f na t ziko huko juu.

Nikakumbuka Agosti 2024. Vijana walipita usiku na chinyimba, nyumba nzima ikaamka. Asubuhi baba akauliza kwa nini vijana wa siku hizi wanapita bila chinyimba. Tulicheka, tukadhani ni wazee na lawama zao.

Sisi waandishi wa programu tuna kosa tunalolichukia: kuzima onyo badala ya kutafuta mdudu aliyelisababisha. Mimi nililifanya kwa baba yangu.

Tulimpeleka hospitali akapimwa. Masikio yote mawili yamepungua. Kifaa cha kusikia bado tunachangishana na ndugu zangu. Wakati tunangoja, haya ndiyo tuliyoyafanya:

1. Spika ndogo ya bluetooth iko kwenye mkono wa kiti cha mzee. Mahali pa wazi, kila unapopunguza umbali kwa nusu unapata desibeli 6 zaidi. Ndani ya nyumba ni pungufu, lakini inafaa. Mezani kwangu sasa inasoma 51, naye anasikia kuliko zamani.

2. Kila mtu anamzungumzia mzee akiwa mbele yake, polepole. Si lazima kupiga kelele.

3. Kazi ngumu naifanya saa kumi na moja alfajiri, mikutano asubuhi kabla ya mvua.

Kama una mzazi anayeongeza sauti ya redio kila mwezi, usimnyang'anye rimoti. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 programu ya simu ya bure, hearWHO, ya kuchunguza usikivu. Haichukui nafasi ya daktari, lakini ni pa kuanzia.

Mkataba wangu umefanywa upya kwa miezi sita. Redio inaongea hata sasa ninapoandika. Natumaini msimu ujao wa tohara utamkuta mzee na kifaa sikioni, ili chinyimba zikipita tuamke wote.