Uliza Kwanza, Ndipo Ulaumu

Ndugu msomaji, katika mambo yanayoondoa baraka majumbani mwetu, moja ni haraka ya kumtafuta mkosa kabla ya kulijua kosa. Kikiharibika kitu, papo hapo huonyeshwa aliyekiharibu; na mara nyingi anayeonyeshwa ni yule asiyeweza kujitetea, mtoto au mtumishi wa nyumbani. Dini imetuamrisha tuithibitishe khabari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Agizo hilo tunalikumbuka msikitini, tukifika sebuleni tumelisahau.

Mfano wake niliuona Tabora, alikoolewa dada yangu. Mji huo si mgeni kwetu watu wa pwani. Ndiyo Kazeh ya zamani, katika nchi ya Unyanyembe, penye njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh Novemba. Reli ilifika huko mwaka 1912, lakini udugu wa pwani na bara ulikuwa umekwisha kufungwa kwa miguu.

Katika nyumba ya dada yangu mna kompyuta ya mezani. Mama mkwe wake, ambaye macho yake yamedhoofika, huketi mbele yake kila baada ya alasiri kusikiliza Qur'ani na mawaidha. Siku moja sauti ikakatika. Picha zinakwenda, midomo ya wasomaji inacheza, sauti hakuna. Aliyeonekana kuigusa mwisho ni mwanawe dada, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akicheza mchezo. Ikahukumiwa kuwa yeye ndiye aliyeiua. Akapigwa, akakatazwa kuisogelea. Nilipofika ilikuwa siku ya nne, na mtoto hana neno ila "Shikamoo, mjomba."

Sasa tazama, msomaji. Katika misafara ya zamani alikuwako kirangozi mbele, na ngoma na barghumu zikiwaongoza wapagazi. Aliye nyuma asipoisikia ngoma, si lazima imepasuka. Pengine mpigaji amenyamaza, pengine amekwisha kwenda mbali, pengine ameshika njia nyingine. Sauti ya kompyuta nayo ina safari yake. Hutoka katika programu inayoicheza, ikapita katika mfumo wa kompyuta, ikapokewa na programu-endeshi ambayo mafundi huiita draiva, ikafika kwenye kadi ya sauti, ikatokea tunduni, ikafuata waya mpaka kwenye spika. Popote ikizuiwa, wewe huku utasikia kimya kile kile.

Kwa hiyo mwenye busara huanza na kilicho karibu na kisicho na gharama. Je, spika zina umeme, na kirungu chao cha sauti kimefunguliwa? Waya umechomekwa katika tundu la kijani? Maana la waridi ni la maikrofoni, na la buluu ni la kuingizia sauti, si la kutolea. Alama ya spika kwenye kioo haijanyamazishwa? Kisha chukua vipokea sauti vya masikioni, uvichomeke mahali pa spika. Vikisema, kompyuta ni nzima na ugonjwa uko kwenye spika au waya wake. Visiposema, bado usiseme kadi imekufa. Rudi ndani ya kompyuta.

Nikamwita mtoto. "Njoo, baba, unisaidie." Tulipitia hayo yote pamoja. Vipokea sauti navyo vilikuwa kimya. Nikamwuliza, "Unakumbuka sauti ilipotea lini?"

Akajibu polepole, "Siku ile baba alipoleta kioo kipya, mjomba."

Siku nne nyumba nzima ilikuwa ikimsema, na hakuna aliyemwuliza.

Kioo hicho kilikuwa kimeunganishwa kwa waya wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Kompyuta ilipokiona ikakichagua kuwa ndicho mahali pa kutolea sauti, ikaacha kuipeleka kwenye spika. Na kioo chenyewe hakina spika, kina kitundu tu cha vipokea sauti. Ngoma haikupasuka, ilishika njia nyingine. Tukafungua mipangilio ya sauti, tukatazama orodha ya vifaa vya kutolea sauti, tukachagua spika badala ya kioo. Ikasema. Kama isingesema, hatua ya kufuata ingekuwa kuiweka upya ile draiva, na fundi angeitwa mwisho kabisa.

Bibi akapata Qur'ani yake jioni ile ile. Mtoto hakurudi kusema upesi hivyo. Shemeji yangu alikaa kimya mpaka baada ya isha, kisha akamwita mwanawe mbele ya watu wale wale waliomwona akipigwa, akamwambia, "Nimekudhulumu, mwanangu. Nisamehe." Mtoto akalia, na asubuhi akaanza kuzungumza.

Ndugu msomaji, wako wazazi wanaoona kumwomba radhi mtoto ni kujishusha. Mimi naona ni kumfundisha insafu kwa njia ambayo hataisahau. Kompyuta hurekebishwa kwa kubonyeza mara mbili tatu. Mtoto aliyezoea kuhukumiwa bila kuulizwa hujifunza kunyamaza, na siku atakapokuwa na jambo kubwa la kukwambia, hatakwambia. Basi tuwaulize kwanza.